Kila mmoja alidhani mwenzake amekagua: Somo la dola milioni sita kwa taasisi zetu

Ukitaka kujua kama taasisi iko salama kisheria, usianze kwa kutazama vyeti vilivyotundikwa ukutani. Uliza swali moja tu: Ni nani hapa anayehakikisha kuwa yale tunayotakiwa na sheria kuyafanya, yanafanyika? Katika taasisi nyingi swali hilo litazunguka meza nzima bila kupata mwenyewe. Mwenyekiti atasema hilo analo katibu. Katibu atasema mambo ya kodi na mafao ya wafanyakazi anayo mhasibu. Mhasibu atasema yeye hulipa kile tu alichoidhinishiwa. Wadhamini nao watasema wao huitwa pale inapohitajika saini. Kila mmoja anamtegemea mwenzake, na kila mmoja anadhani mwenzake amefanya.

Ndugu msomaji, hapo ndipo taasisi huangukia. Si lazima pawepo mwizi. Inatosha kuwepo watu wema wanaoaminiana sana kiasi kwamba hakuna anayemuuliza mwenzake. Katika makala hii tutatazama tukio moja kubwa lililoihusu nchi yetu, ambalo kumbukumbu zake zipo wazi mahakamani, kisha tujiulize lina somo gani kwa misikiti yetu, shule zetu, jumuiya zetu na kampuni zetu.

Hatari yenyewe ni ipi?

Kila taasisi inakabiliwa na hatari za aina nyingi. Kuna hatari ya moto, ya wizi, ya biashara kudorora. Hizi watu wanazijua na wanazikatia bima au wanaziwekea walinzi. Lakini kuna hatari nyingine ambayo haionekani kwa macho, nayo ni ile inayotokana na kutotimiza matakwa ya sheria, kanuni na masharti ya leseni. Ubaya wa hatari hii ni kwamba hujikusanya kimya kimya. Taasisi inaweza kukaa miaka saba bila kupeleka marejesho yake panapohusika, na kila siku milango ikafunguliwa, wanafunzi wakasoma, swala zikaswaliwa. Watu wakadhani mambo ni shwari. Siku inapotokea haja ya kupima kiwanja, kufungua akaunti mpya au kupokea msaada mkubwa, ndipo faili linapofunguliwa na miaka yote saba inadaiwa kwa pamoja.

Hasara zake nazo si faini peke yake. Kuna kufungiwa au kufutiwa usajili. Kuna viongozi kushitakiwa wao binafsi. Na kuna kuvunjika kwa imani ya watu, ambayo ndiyo mtaji mkubwa wa taasisi yoyote inayoishi kwa michango. Faini hulipwa ikaisha, lakini muumini aliyekwisha kusikia kwamba hesabu za msikiti hazieleweki, si rahisi kumrudisha.

Mkopo wa dola milioni 600

Mwaka 2012 na 2013 Serikali ya Tanzania ilikuwa ikitafuta mkopo wa dola za Marekani milioni 600 kutoka kwa wawekezaji wa nje. Kazi ya kuutafuta ilipewa benki mbili zinazotoka katika kundi moja la Standard Bank la Afrika Kusini. Moja ilikuwa Stanbic Tanzania ya hapa nchini, na nyingine Standard Bank Plc ya London. Hapo awali ada iliyopendekezwa ilikuwa asilimia 1.4 ya mkopo. Mazungumzo yalipofufuka, ada ikapanda hadi asilimia 2.4. Ile asilimia moja iliyoongezeka, yaani dola milioni sita, ilikuwa ni malipo ya kampuni ya hapa nchini iliyoelezwa kuwa ni mshirika wa ndani.

Mkopo ukapatikana Machi 2013, na kampuni ile ikaingiziwa dola zake milioni sita katika akaunti iliyofunguliwa Stanbic Tanzania. Katika muda wa siku kumi hivi, sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa imekwisha kutolewa, tena kwa fedha taslimu. Uchunguzi uliofuata haukuona ushahidi wa kazi yoyote iliyofanywa na kampuni hiyo katika kuupata mkopo. Ikabainika pia kwamba mwenyekiti wake, ambaye alikuwa na hisa ndani yake, alikuwa wakati huo ni kiongozi wa ngazi ya juu wa mamlaka moja ya umma.

Suala hilo lilifika mbele ya Jaji Brian Leveson jijini London, na tarehe 30 Novemba 2015 akaidhinisha makubaliano baina ya benki ya London na ofisi ya Uingereza inayoshughulikia makosa makubwa ya ulaghai, SFO. Ilikuwa mara ya kwanza nchini humo kwa makubaliano ya namna hiyo, ambayo kwayo kampuni inakubali kulipa na kujirekebisha chini ya usimamizi wa mahakama, na mashitaka yake yanasitishwa. Benki ililipa faini ya dola milioni 16.8. Ikatakiwa kurudisha dola milioni 8.4 ambazo ndizo zilizokuwa ada ya benki. Ikailipa Tanzania fidia ya dola milioni sita, pamoja na riba ya zaidi ya dola milioni moja. Mbali ya hayo ikalipa gharama za waendesha mashitaka, na mamlaka inayosimamia masoko ya mitaji ya Marekani nayo ikaitoza dola milioni 4.2 kwa kutowaeleza wawekezaji habari za malipo yale.

Piga hesabu ndugu msomaji. Ada ya dola milioni 8.4 iligharimu zaidi ya mara nne ya thamani yake.

Kosa lilikuwa wapi?

Hapa ndipo penye somo, na ndipo wengi wanapopita haraka. Benki ya London haikushitakiwa kwa kutoa rushwa. Haikudaiwa kwamba maofisa wake wa London walijua kuwa ile asilimia moja ina lengo la kumshawishi mtu. Kosa lililosomwa lilikuwa ni kushindwa kuzuia rushwa, ambalo limewekwa na kifungu cha 7 cha Sheria ya Rushwa ya Uingereza ya mwaka 2010. Kwa mujibu wa kifungu hicho, mtu anayefanya kazi kwa niaba ya kampuni akitoa rushwa kwa ajili ya kuinufaisha kampuni hiyo, kampuni inawajibika. Utetezi wake ni mmoja tu, nao ni kuthibitisha kwamba ilikuwa imeweka taratibu za kutosha za kuzuia jambo hilo lisitokee.

Tafakari tofauti iliyopo. Sheria za zamani zilimuuliza kiongozi: Je, wewe ulifanya? Sheria za namna hii zinamuuliza: Wewe ulifanya nini ili lisifanyike? Kwa swali la kwanza, mtu mwema asiyejua kitu yuko salama. Kwa swali la pili, kutojua kwenyewe kunaweza kuwa ndiyo hatia.

Sasa hiyo benki ya London ilifanya nini ili kumjua mshirika wake? Kwa maelezo yaliyokubaliwa mahakamani, haikufanya uchunguzi wake wenyewe. Iliiachia kazi hiyo Stanbic Tanzania kwa kuwa ndiyo iliyoko nchini na ndiyo inayowafahamu watu. Benki ilikuwa na sera zake za kuzuia rushwa, zimeandikwa vizuri. Lakini sera hizo hazikueleza kwa uwazi nani akague nini pale ambapo kampuni mbili za kundi moja zinashirikiana na mtu wa tatu. Wala wafanyakazi waliohusika hawakufundishwa vya kutosha jinsi ya kuzitumia.

Kwa lugha nyepesi, London ilidhani Dar es Salaam imekagua. Katikati ya dhana hiyo ndimo dola milioni sita zilimopita. Ishara zote zilikuwepo mezani. Ada ilipanda ghafla bila kazi kuongezeka. Akaingia mshirika ambaye hakuna aliyeweza kusema kazi yake ni ipi. Wenye kampuni walikuwa watu wenye mahusiano na Serikali. Kila ishara peke yake ilitosha kumfanya mtu asimamishe kalamu na kuuliza. Hakuna aliyeuliza, kwa sababu kila mmoja aliamini kuwa swali hilo limekwisha kuulizwa na mwingine.

Waliouliza walikuwa wa chini

Lipo jambo jingine katika kisa hiki ambalo linastahili kusemwa kwa sauti. Walioanza kutia shaka hawakuwa wanasheria wa London wala wakurugenzi wa Johannesburg. Ni wafanyakazi wa Stanbic hapa hapa Tanzania, walioona fedha nyingi namna ile zikitolewa taslimu kwa siku chache, wakaona si jambo la kawaida, wakalipeleka kwa wakubwa zao. Taarifa ikafika makao makuu ya kundi. Na ilipofika, benki haikuificha. Aprili 2013, wiki chache tu baada ya fedha kutolewa, ilijisalimisha yenyewe kwa mamlaka za Uingereza kupitia mawakili wake, hata kabla ya kumaliza uchunguzi wake wa ndani.

Uamuzi huo wa kujitangulia ndio uliochangia kwa kiasi kikubwa benki kukubaliwa makubaliano badala ya kuburuzwa kwenye kesi ya jinai. Hata faini ilipunguzwa kwa theluthi moja kwa kukiri mapema. Taasisi iliyoshindwa kuzuia kosa iliokolewa nusu na wafanyakazi wa kawaida ambao hawakunyamaza, na uongozi ambao haukuwatisha.

Jiulize: Katika taasisi yako, karani akiona jambo lisilo la kawaida, anamwambia nani? Na akishasema, anabaki kazini?

Turudi kwetu

Pengine msomaji atasema, hayo ni mambo ya mabenki na mamilioni ya dola, sisi tuna msikiti na madrasa, au shule ya sekondari, au wakala mdogo wa kusafirisha mahujaji. Lakini ugonjwa ni ule ule, kinachotofautiana ni kiasi cha fedha.

Chukua mfano wa shule. Sheria ya mifuko ya hifadhi ya jamii inamtaka mwajiri wa sekta binafsi kupeleka NSSF asilimia 20 ya mshahara wa mfanyakazi kila mwezi, na anachoruhusiwa kumkata mfanyakazi mwenyewe hakizidi asilimia 10. Mwalimu anakatwa sehemu yake kila mwezi, karatasi ya mshahara inaonyesha hivyo. Lakini ada zimechelewa, mkuu wa shule anaamua fedha ile inunue chakula cha wanafunzi kwanza, itapelekwa mwezi ujao. Mwezi ujao nao una shida zake. Bodi haiulizi kwa kuwa inajua shule ina mhasibu. Mhasibu hasemi kwa kuwa mkuu wa shule anajua. Miaka inapita. Mwalimu anapofikia kustaafu, au anapofariki na mjane kwenda kufuatilia, ndipo anapoambiwa kuwa michango haipo. Hapo hatuzungumzii tena faini. Tunazungumzia haki ya mja iliyokatwa katika jasho lake na haikufika. Aliyeichukua alikuwa na nia njema ya kulisha watoto, lakini mjane hawezi kula nia njema.

Chukua mfano wa msikiti au jumuiya iliyosajili bodi ya wadhamini chini ya Sheria ya Muunganisho wa Wadhamini, Sura ya 318. Mali yote, viwanja na majengo, iko katika jina la bodi hiyo. Wadhamini watano waliosajiliwa zamani, watatu wamekwisha kutangulia mbele ya haki, mmoja amehamia mkoa mwingine, na mabadiliko hayakupelekwa RITA. Waumini wanaswali kwa amani wakijua msikiti ni wa kwao. Siku anapojitokeza mtu na karatasi zake akidai sehemu ya kiwanja, nani atakwenda mahakamani kwa jina la bodi ambayo kwenye daftari la Serikali bado inaongozwa na marehemu? Migogoro ya viwanja vya misikiti si migeni masikioni mwetu. Pale ambapo wadhamini wameachwa bila kuhuishwa, mlango wa mgogoro umeachwa wazi na wenyewe.

Chukua shirika lililosajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002. Marekebisho ya mwaka 2019 yaliweka cheti chenye ukomo wa miaka kumi, na shirika linatakiwa kupeleka taarifa za kila mwaka pamoja na hesabu zilizokaguliwa. Kanuni za mwaka 2018 ziliongeza kwamba mkataba wa ufadhili unaozidi shilingi milioni 20 upelekwe Hazina na kwa Msajili ndani ya siku kumi. Ni mashirika mangapi yanajua tarehe ya mwisho ya cheti chao bila kwenda kukitafuta kabatini?

Na chukua wakala wa Hijja, zahanati au shule yoyote. Wote hawa wanakusanya nakala za pasipoti, namba za simu, taarifa za afya na picha za watu. Tangu tarehe 1 Mei 2023 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyopitishwa mwaka 2022, inayowataka wakusanyaji wa taarifa kujisajili kwa Tume yake na kuzitunza taarifa hizo kwa usalama. Kutuma nakala za pasipoti za mahujaji katika kundi la simu lenye watu mia mbili ni jambo linalofanywa kwa wepesi, bila mtu kujiuliza kama mwenye pasipoti ameridhia.

Hoja kwamba sheria hizi zinatubana

Wapo ndugu watakaosema: Sheria hizi nyingine zimewekwa ili kutubana sisi. Hoja hii haipaswi kupuuzwa, kwa sababu ina historia. Baada ya mabomu ya Nairobi na Dar es Salaam ya tarehe 7 Agosti 1998, Serikali ya Kenya ilitangaza Septemba mwaka huo huo kuyafutia usajili mashirika matano ya misaada ya Kiislamu. Baada ya matukio ya Septemba 2001 nchini Marekani, chombo cha kimataifa kinachoweka viwango vya kupambana na fedha haramu, FATF, kilitoa pendekezo lililoyataja mashirika yasiyo ya kibiashara kuwa yako katika hatari ya pekee ya kutumiwa kufadhili ugaidi. Serikali nyingi zikalichukua neno hilo na kuyabana mashirika yote, mazuri na mabaya. Akaunti zikafungwa na misaada kwa yatima ikakwama.

Lakini tazama kilichofuata. Mashirika ya hiari ya nchi mbalimbali hayakubaki kulalamika tu. Yaliungana, yakaeleza yanavyodhibiti fedha zao, yakaonyesha madhara ya kubanwa kwa jumla, yakajenga hoja mwaka hadi mwaka. Juni 2016 FATF ikaliondoa lile neno la kwamba sekta nzima iko katika hatari ya pekee, na Novemba 2023 ikalirekebisha tena pendekezo hilo ili kusisitiza kuwa hatua zilingane na hatari iliyopo na zisizuie kazi halali za misaada. Ushindi huo uliletwa na watu waliokuwa na hesabu zao mkononi. Mwenye hesabu zilizokaguliwa akionewa, ana la kumwonyesha hakimu. Asiye nazo, hata akiwa kweli ameonewa, anaanza kesi akiwa amekwisha kushindwa nusu.

Nchi yetu nayo iliwekwa na FATF katika orodha ya nchi zilizo chini ya uangalizi Oktoba 2022, na ikaondolewa Juni 2025. Kuondolewa huko hakumaanishi kwamba macho yamefumbwa. Sheria ya kuzuia utakasishaji wa fedha haramu ya mwaka 2006 ipo, na benki zinaendelea kuuliza fedha imetoka wapi na inakwenda wapi. Taasisi iliyojiandaa kwa swali hilo haitaliona kuwa ni matusi.

Na zaidi ya yote, sisi hatukuanza kujifunza habari ya kuulizana kutoka London. Katika Surat al-Baqara, aya ya 282, waumini wameamrishwa kuandika deni na kuweka mashahidi, na amri hiyo imeelekezwa kwa watu wanaoaminiana. Katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kuna habari ya Ibn al-Lutbiyya, aliyetumwa na Mtume (s.a.w.) kukusanya zaka. Aliporudi akagawa alichokileta mafungu mawili, moja akasema ni la umma na jingine akasema amezawadiwa yeye. Mtume (s.a.w.) hakulinyamazia hilo kwa kuwa mtu yule alikuwa ni sahaba. Alilikemea hadharani, akahoji kama zawadi ile ingemfikia angekaa nyumbani kwa baba na mama yake. Basi kama sahaba alihesabiwa, ni mweka hazina gani wa leo ambaye akiulizwa hesabu ataona amevunjiwa heshima?

Tufanye nini?

Hatua zinazohitajika hazidai fedha nyingi. Zinadai utaratibu na uvumilivu.

Kwanza, liwepo daftari la wajibu. Chukua kitabu kimoja, chora safu tano. Ya kwanza, ni jambo gani tunatakiwa kulifanya. Ya pili, ni sheria au mamlaka gani inayolidai. Ya tatu, mwisho wake ni tarehe gani. Ya nne, ni nani kwa jina anayelifanya. Ya tano, ni nani mwingine anayethibitisha kuwa limefanyika, na risiti au barua iko wapi. Safu ya tano ndiyo iliyokosekana kati ya London na Dar es Salaam. Usiandike kamati katika safu hizo mbili za mwisho, andika mtu. Jambo la wote ni jambo la asiyekuwepo.

Pili, yapimwe mambo kwa uzito wake. Si kila kasoro ni sawa na nyingine. Jiulize maswali mawili kwa kila jambo: Je, ni rahisi kiasi gani kwetu kulikosea? Na tukilikosea, litatuumiza kiasi gani? Lile ambalo ni rahisi kukosewa na linaumiza sana, kama michango ya wafanyakazi au hati za viwanja, liangaliwe kila mwezi. Lile dogo liangaliwe mara moja kwa mwaka. Taasisi inayokimbizana na kila kitu kwa pupa huishia kukosa kilicho kikubwa.

Tatu, ajulikane kila mtu wa kati. Dalali wa kiwanja, wakala wa vibali, mtu anayesema anaweza kusaidia faili litembee haraka, wote hao wakikosea kwa niaba yako, kosa linaweza kurudi kwako. Kabla ya kumlipa mtu wa namna hiyo, pawepo majibu ya maandishi: Ni nani? Anafanya kazi gani hasa? Kwa nini malipo yake ni kiasi hiki? Na analipwa kupitia akaunti ya nani? Likikosekana jibu hata la swali moja, kalamu isimame. Sheria yetu ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamgusa anayetoa kama inavyomgusa anayepokea.

Nne, ufunguliwe mlango wa wa chini kusema. Ateuliwe mjumbe mmoja wa bodi, asiye mtendaji, ambaye karani, mwalimu au mlinzi anaweza kumfikia bila kupitia kwa bosi wake. Nchi yetu ina Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, lakini mtoa taarifa asiachwe ategemee sheria pekee ikiwa ndugu zake katika taasisi wanaweza kumlinda wenyewe.

Tano, kosa likigundulika, lisifichwe. Kama michango haikupelekwa kwa miaka mitatu, njia iliyo salama ni kwenda kwenye mfuko wenyewe, kukiri, na kuomba utaratibu wa kulipa kidogo kidogo. Anayejipeleka hupokewa tofauti na anayekamatwa, na hilo tumeliona katika kisa cha benki.

Sita, mkutano wa mwaka uwe na ajenda ya kusoma lile daftari mbele ya wanachama. Isiwe taarifa ya jumla kwamba mambo yanaendelea vizuri. Isomwe safu kwa safu: hili limefanyika, hili halijafanyika na sababu ni hii. Bodi itakayofanya hivyo mara mbili tu, itaona watendaji wake wameanza kukumbuka tarehe bila kusukumwa.

Kuaminiana ni jambo jema, na taasisi zetu nyingi zimejengwa kwa hilo. Wazee waliochangishana senti wakajenga misikiti na shule hizi hawakuwa na wakaguzi wala wanasheria. Lakini walichokiacha sasa ni amana mikononi mwa wengine, na mwenye kushika amana haambiwi tu awe mwaminifu, anatakiwa pia aweze kuonyesha. Kikao kijacho cha taasisi yako, kabla ya kufunga kwa dua, muulizeni kila mmoja aliyepo: Wewe umekagua nini? Akisema anaamini kuwa fulani amekagua, basi fulani huyo aulizwe pale pale.